Bi Zeina anavyompa mwanawe mgongo ili mjukuu apumue

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, uani kwa Bi Zeina Abdulmajid, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, sufuria ya sukari na mawardi inaanza kutoa povu. Bi Zeina amekaa kwenye stuli ya mbao, mwiko mkononi, macho kwenye sufuria. Nyuma yake, hatua kama sita hivi, kiberiti kinawashwa.

Hageuki. Anakoroga. Anatia unga wa sandali kidogo kidogo, anapunguza makaa kwa koleo, kisha anauliza kama jana duka lilifungwa vizuri. Mtu aliye nyuma anajibu kwamba lilifungwa, na kufuli alilijaribu mara mbili. Moshi wa sigara unapanda juu ya ukuta wa ua na kupotelea upande wa ghorofa linalojengwa kwa jirani.

Zinapita dakika nne au tano. Inasikika sigara ikizimwa kwenye mchanga, halafu sauti ya mwanamume inasema taratibu, "Tayari, Mama."

Hapo ndipo Bi Zeina anapogeuka na kumtazama mwanawe.

Utaratibu huu sasa una miezi minane. Kila asubuhi Abdulatif Salem, mwenye umri wa miaka 34, muuza vitambaa wa hapa hapa Kariakoo, anavutia sigara yake nyuma ya mgongo wa mama yake. Akimaliza anavua shati kuukuu ambalo wenyewe wanaliita shati la moshi, analitundika kwenye msumari, ananawa uso na mikono hadi kwenye viwiko, anavaa shati safi. Ndipo anapomchukua binti yake, Tasneem, mwenye miaka saba, na kumpeleka shule Upanga.

Mgeni akiona anaweza kucheka, na Bi Zeina hamkatazi. Mwenyewe anacheka. Lakini ukikaa naye mpaka udi uive, utajua kwamba ile stuli imewekwa pale kwa ajili ya kifua cha mtoto.

Bi Zeina ana umri wa miaka 59 na anapika udi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake na akaishika kwa mikono miwili miaka kumi na moja iliyopita, mumewe Salem alipofariki. Anachemsha sukari na mawardi, anachanganya vipande vya udi, sandali na mafuta mazuri, anamimina kwenye sinia, anakata, anapakia kwenye vikopo. Wateja wake ni wa kila aina: mama anayetaka kufukiza nguo za Iddi, somo anayeandaa chumba cha bi harusi, kijana wa ofisini Posta anayetaka shati linukie siku ya usaili.

Na walikuwepo wenye magari. Kwa miaka mitano alikuwa na kikopo maalumu alichokiita udi wa gari, chenye sukari kidogo na harufu kali. Kilinunuliwa sana. Maelekezo yake yalikuwa mepesi: weka chetezo kidogo cha kufukizia chini ya kiti cha nyuma, funga vioo, subiri dakika kumi, na gari lote litanukia kama limetoka kwenye meli leo. Mtu angedhani aliutunga kwa ajili ya biashara.

"Niliutunga kwa ajili ya gari la mwanangu," anasema. "Lilikuwa linanuka sigara, nami sikuweza kumwambia."

Kwa nini hakuweza? Hapo inabidi kuijua nyumba hii. Kwenye familia za namna hii mtoto havuti sigara mbele ya mzazi wake, hata awe na mvi, hata awe yeye ndiye anayelipa umeme. Abdulatif alianza kuvuta akiwa na miaka 22 na hakuwahi kuwasha sigara mbele ya mama yake, wala barazani, wala uani, wala hata chooni. Alikuwa akijisifia jambo hilo kwa marafiki. Alijiona mtoto mwenye adabu, na kwa hesabu za mtaani alikuwa hivyo kweli.

Basi sigara ikabaki na mahali pamoja tu pa kukaa, nayo ni gari. Ni gari dogo la kijivu, la mitumba kama yalivyo mengi ya mjini, alilolinunua mwaka aliozaliwa Tasneem ili mtoto asisukumwesukumwe kwenye usafiri wa umma. Mle ndani hakuna mama, hakuna wazee wa msikitini, hakuna jirani. Kulikuwa na yeye, sigara yake, na mtoto kwenye kiti cha nyuma.

"Kioo changu nilikuwa nafungua," anasema Abdulatif, na anaonyesha kwa vidole viwili uwazi wenyewe ulivyokuwa. "Nilijua moshi wote unatoka. Sikuwa namvutia mwanangu usoni. Mungu anajua, ningekuwa najua, nisingefanya."

Kutoka Mchikichi hadi Upanga si mbali; ukiwa na miguu mizuri na mkoba mwepesi unafika. Lakini asubuhi foleni inaifanya safari hiyo kuwa ya nusu saa, siku za mvua dakika hamsini. Sigara ya kwanza ilikuwa Msimbazi. Ya pili ilifuata gari likiwa limesimama kwenye Barabara ya Umoja wa Mataifa, mvua ikinyesha, vioo vimepandishwa.

Na Bi Zeina, yeye alijua? Swali hili analijibu huku akifuta mwiko kwa upindo wa kanga.

Alijua. Mama anayefua kanzu za mwanawe anajua. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa akienda na chetezo chake kulifukiza gari, akisema ni kwa ajili ya baraka ya siku. Akikuta majivu pembeni ya gia, anayafuta kwa kanga na kukaa kimya. Akikuta kipisi cha sigara chini ya kiti, anakifunga kwenye karatasi na kwenda kukitupa mbali, ili mwanawe asijue kwamba mama yake amekiona. Abdulatif naye akipanda gari na kukuta limesafishwa na linanukia, anajua mama ameona, na anashukuru kwamba hakusema.

Shamsa, mke wa Abdulatif, ambaye hutoka mapema kwenda kazini Kivukoni, alijaribu kusema mara moja. Mumewe hakugomba, alinuna siku mbili tu. Shamsa akaona yaishe. Hivyo watu wazima watatu waliopendana walikuwa kila mmoja akimlinda mwenzake asione aibu, na mtoto akawa anakohoa.

Tasneem alianza kukohoa akiwa na miaka mitatu. Wakasema ni vumbi la Kariakoo, na vumbi kweli lipo. Wakasema ni barafu za shuleni. Bibi alimpaka mafuta ya karafuu kifuani, akamnywesha tangawizi na asali. Kipimo kikatoa jibu kwamba ni pumu, akapewa dawa ya pampu ya kuwekwa mdomoni. Katika nusu ya kwanza ya mwaka jana alikosa shule siku kumi na tisa, na Bi Zeina anaikumbuka hesabu hiyo kwa sababu zote alizilala naye kitanda kimoja akisikiliza anavyopumua.

Asubuhi moja ya Mei, mvua ikimwagika, foleni haijasogea kwa robo saa, Abdulatif alisikia sauti ya filimbi nyembamba nyuma yake. Alipotazama kwenye kioo aliona mtoto amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, mabega yamepanda, mdomo wazi. Pampu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwenye buti. Alishuka kwenye mvua, akaichukua, akampulizia, haikutosha. Aliliacha gari katikati ya barabara na mlango wazi, akambeba mtoto mgongoni na kukimbia naye kuelekea kliniki moja aliyoijua upande wa Upanga. Anasema mpaka leo hakumbuki nani alilisogeza gari lile.

Bi Zeina alifika na mkoba wa nguo na kanga ya kujifunika, akamkuta mjukuu amewekewa barakoa ya oksijeni, anapumua. Aliyempokea ni Dokta Evarista, mama mpole ambaye umri wake ungeweza kuwa wa binti yake. Alimwamkia Bi Zeina shikamoo, akamkalisha, kisha akauliza swali ambalo madaktari wote huuliza: nani anavuta sigara nyumbani?

"Nyumbani kwangu hakuna anayevuta," Bi Zeina alijibu. Alilijibu kwa kujiamini, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa kweli tupu. Abdulatif alitazama sakafu.

Daktari hakubisha. Alisubiri mtoto aondolewe barakoa, akakaa pembeni ya kitanda na kumuuliza yeye na baba huwa wanafanya nini kwenye foleni.

"Tunahesabu," Tasneem alisema.

"Mnahesabu magari?"

"Tunahesabu sigara. Jana mbili, leo moja. Lakini ni siri yetu na Baba, kwa sababu Bibi akijua atalia." Akapumzika kidogo, kisha akaongeza kwa uaminifu wa watoto, "Halafu Ijumaa Bibi anafukiza udi, harufu inaondoka, na ile ni siri ya Bibi."

Bi Zeina anasema kwamba katika maisha yake alikwishapata aibu za aina nyingi, lakini hakuwahi kupata ya kumkuta mtoto wa miaka sita akiwatunzia siri wakubwa wawili kwa wakati mmoja, na kifua chake ndicho kinacholipa.

Dokta Evarista hakuwagombeza. Aliwaeleza kwamba gari ni kichumba kidogo, na moshi humo hujaa upesi kuliko sebuleni. Kwamba kufungua kioo hakuutoi wote. Kwamba mwingine huganda kwenye vitambaa vya viti na kwenye nguo za mvutaji mwenyewe. Kisha akamgeukia Bi Zeina na kusema jambo lililomuuma zaidi. Udi nao ni moshi. Kwa mtoto mwenye pumu, kufukiza gari lililofungwa vioo ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo.

"Nilitaka kumwambia daktari kwamba udi wangu ni safi, natia mawardi ya kweli," anasema Bi Zeina. "Nikamtazama Tasneem, nikanyamaza. Miaka mitano nilikuwa nauficha moshi kwa moshi. Nilidhani nikishaiondoa harufu, nimeuondoa ubaya."

Walirudi nyumbani siku ya pili kwa bajaji, Tasneem katikati. Baada ya sala ya alasiri Bi Zeina alimwita mwanawe uani. Alikuwa ameweka stuli yake mahali pake, na hatua sita nyuma yake ameweka kiti cha plastiki. Kando ya kiti kulikuwa na chetezo cha udongo kilichovunjika mguu, amekijaza mchanga.

"Abdulatif, mwanangu," alimwambia, "kuanzia leo sigara yako utavutia hapa. Kwenye gari basi."

"Mama, mimi siwezi kuvuta mbele yako."

"Sijakwambia mbele yangu. Mimi nitakupa mgongo. Nitapika udi wangu, wewe utakuwa huko nyuma. Sitageuka mpaka uniambie umemaliza."

Abdulatif alilia. Analisema mwenyewe bila kuombwa. Siku ya kwanza alikaa kwenye kile kiti na sigara mkononi, haijawashwa, mpaka mama yake akamaliza sufuria nzima. Siku ya pili hakuja kabisa. Siku ya tatu alikuja, akawasha, akavuta mara mbili, akazima. Bi Zeina hakugeuka. Anasema machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sukari, akalazimika kumwaga yote.

"Kumsikia mwanao anavuta nyuma yako ni jambo gumu," anasema. "Kuna siku nilitamani niinuke nimnyang'anye. Lakini nilijiuliza, heshima yangu nikae nayo nifanye nini, kama bei yake ni pumzi ya mtoto?"

Gari lenyewe lilipelekwa Gerezani kwa fundi wa viti. Lilikaa huko siku mbili, vitambaa vikafuliwa na cha dari kikabandikwa kipya. Fundi alimwita Abdulatif aje aone maji ya kwanza yaliyotoka kwenye kiti cha nyuma. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Abdulatif aliyapiga picha kwa simu na mpaka leo hajaifuta.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja, na nyumba hii haijidanganyi. Abdulatif alikuwa akivuta sigara tisa kwa siku. Sasa anavuta tatu, moja asubuhi na mbili jioni, zote kwenye kiti cha plastiki. Novemba aliteleza mara moja. Akiwa peke yake garini, karibu na Feri, aliwasha. Aliporudi alimwambia mama yake mwenyewe, na gari halikumbeba Tasneem siku mbili, vioo wazi, viti vimefutwa. Mtoto alikwenda shule kwa miguu, akiwa ameshikwa mkono na bibi, na kwa maelezo ya mtoto mwenyewe zile ndizo siku nzuri kuliko zote.

Kuanzia Julai hadi Desemba Tasneem alikosa shule siku mbili tu. Daktari amewaambia wasiipe sifa yote sigara iliyohama. Dawa anazitumia vizuri zaidi sasa, na pumu haina adabu, inaweza kurudi bila hodi. Bi Zeina amekubali. Ila anajua alichokisikia kwa masikio yake: mtoto analala, na chumba kinakuwa kimya.

Biashara imepata jeraha. Aliacha kutengeneza udi wa gari wiki ile ile, na siku nzuri iliyokuwa ikimwachia faida ya shilingi elfu arobaini sasa inamwachia ishirini na tano, wakati mwingine chini ya hapo. Anayekuja kuulizia udi huo huambiwa haupo tena, kisha hupewa maswali mawili: kuna anayevuta humo ndani ya gari? Kuna mtoto anayepanda? Wapo wanaoondoka wamekasirika. Mmoja alimwambia kwamba amekuja kununua udi, hakuja kutoa ushahidi mahakamani.

Filbert, mwenye gari la binafsi anayekuja Kariakoo kila wiki kununua bidhaa, naye alimbishia. Alisema gari lake ni kama chumba chake cha kulala, na watu wakianza kupangiwa cha kufanya humo, kesho watapangiwa na ndoto. Bi Zeina alimuuliza tu kama watoto wake wakiwa garini wanaweza kushuka moshi ukiwachosha. Filbert akaenda zake. Alirudi baada ya wiki mbili kununua udi wa nyumbani, na akiwa anapokea chenji akasema kama mtu anayezungumzia mambo mengine, "Mama, sigara zangu nimezihamishia kwenye buti. Nikitaka lazima nisimame, nishuke. Nimegundua mimi ni mvivu wa kushuka."

Zipo nchi ambazo zimekwisha kupiga marufuku kuvuta sigara kwenye gari la mtu binafsi likiwa na mtoto. Mama na mwana wanalizungumza jambo hilo mara kwa mara, na hawakubaliani. Abdulatif haoni askari atachungulia magari mangapi kwenye foleni ya Kariakoo. Anasema yeye angepigwa faini, angeendelea kuvuta huku anaangalia vioo vya pembeni.

"Wewe ungevuta," mama yake anamjibu, "lakini mimi ningekuwa na cha kusema. Ningekwambia, mwanangu, serikali imekataza. Nisingekuwa nakuvunjia heshima, ningekuwa nakukumbusha tu. Na Shamsa angesema. Na hata Tasneem angesema, kwa sababu wangefundishwa shuleni. Mimi sheria siitaki kwa ajili ya askari. Naitaka kwa ajili ya sisi tunaoona haya."

Abdulatif anacheka kidogo na kuinamisha kichwa. Ubishi wao huwa unaishia hapo.

Saa kumi na mbili na nusu inakaribia. Udi umemiminwa kwenye sinia, unapoa. Tasneem anatoka chumba cha mbele na sare yake, pampu ikiwa kwenye mfuko wa sketi, kwa maana tangu Mei haikai tena kwenye mkoba. Anamwamkia bibi yake, anainusa sinia kwa mbali kama alivyofundishwa, anasema hii itapendwa na maharusi. Kisha anakwenda kusimama kando ya gari na kusubiri baba amfungulie.

Ramadhani imebakiza wiki tatu. Kila mwaka mwezi ule Abdulatif huwa haigusi sigara tangu alfajiri mpaka magharibi, na hajawahi kufa kwa hilo, mama yake anamkumbusha. Mwaka huu wamekubaliana ajaribu na zile za baada ya futari. Dokta Evarista amempa maelekezo na namba ya simu. Abdulatif hajaahidi kwamba atashinda. Ameahidi kwamba akishindwa atasema.

Bi Zeina ana mpango mmoja tu wa Iddi, na si nguo mpya. Anataka asubuhi ile akiondoe kile chetezo chenye mchanga, asogeze kiti cha plastiki karibu na jiko, na stuli yake aigeuze. Anataka akae saa kumi na mbili kasoro dakika kumi anakunywa chai na mwanawe, wakitazamana.

"Miezi minane asubuhi zangu nazisikia kwa mgongo," anasema, na anainuka kumpungia mjukuu mkono. "Nimeukumbuka uso wa mwanangu."